Volkswagen, Peugeot na Goti la Mama Mkwe

Ukitaka kununua gari la zamani, usiulize spea. Uliza kwanza mama mkwe wako anaishi wapi.

Mimi nina Volkswagen 1300 ya mwaka 1969, ile ya mgongo wa kobe. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana Peugeot 504 steshenwagoni, refu kama jeneza la twiga. Kila Jumamosi kijiwe cha kahawa hapa Nkuhungu ni kesi tu: lipi gari, lipi bati? Kwa mdomo namshinda. Namwambia injini yangu inapozwa kwa upepo, na kama kuna kitu Dodoma tumejaliwa ni upepo. Wewe rejeta inataka maji, wakati wengine hata ya kuoga tunayapigia hesabu. Anajibu yeye ana cc 1,971, mimi 1,285. Nguvu ya injini yangu farasi 40, yake kama mara mbili. Farasi wa nini? Sisi huku tunafuga ng'ombe na punda.

Akaleta mambo ya Safari Rally, yale mashindano ya magari, eti 504 ilishinda 1975 na 1978. Nikamwambia Volkswagen ilishashinda 1957 na 1962, wewe hujui hata kutambaa. Halafu ile ya 1978 ilikuwa "coupé", ya milango miwili na silinda sita, siyo hilo lako la kubebea mbuzi! Kijiwe kikalipuka. Nilinunuliwa kahawa na kashata mbili.

Basi juzi mke wangu ananiambia, "Baba Neema, mama anakuja, kampokee Kibaigwa." Kilomita 90 hivi. Shemeji na jeneza lake wako Morogoro. Nikaenda.

Namkuta mama stendi na gunia la mahindi, dumu la mafuta ya alizeti na jogoo. Nikaamkia, nikafungua mbele nipakie. Mama akashtuka: "Mkwe, injini wameiba?" Nikamweleza iko nyuma, huku mbele ndiyo buti. Akachungulia. Tairi la akiba limejikalia, tanki la mafuta nalo huko huko, nafasi iliyobaki ni ya dumu. Gunia likaenda kiti cha nyuma pamoja na jogoo. Maana yake mama akae mbele. Pembeni yangu.

Jamani, kwetu mtu na mama mkwe wake hata mkono hawapeani. Na ile gari, gea ya kwanza na ya pili ziko upande wa abiria! Ukivuta ya pili unafikia goti la mama. Peugeot ya shemeji gea iko kwenye usukani. Yeye heshima yake ilishapangwa kiwandani. Mimi nikaamua kuondokea gea ya tatu. Kila tuta injini inatetemeka kama ina malaria, inazima, mama anakohoa, jogoo anawika.

Vumbi likajaa kwenye kioo. Nikabonyeza maji. Mama akauliza yanasukumwa na nini. Nikasema, kwa kujidai kabisa, upepo wa tairi la akiba. Wazungu walifikiria! Akanyamaza kidogo. "Na tairi likipasuka?"

Likapasuka hapo hapo karibu na Chamwino. La akiba nikalikuta limelegea kama chapati, maana tangu Kibaigwa naosha kioo, na kile kidude cha kuzuia upepo usiishe nilimruhusu fundi akitoe, tukasema hakina kazi.

Tumesimama juani, mara honi. Shemeji. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akafungua nyuma, mama akapanda kiti cha safu ya tatu, peke yake kama malkia, mbali na wakwe wote wa dunia hii. Dumu likapanda. Jogoo akarukia mwenyewe bila kuitwa.

Nikabaki na gunia, natafuta pampu ya baiskeli.

Jumamosi hii kijiweni siendi. Nina mafua.