Miaka 16 ya Australia na kadi zetu za Katuba

Februari 2023, Tume ya Uchaguzi ilipokuwa ikiandikisha wapiga kura huku kwetu Katanga, mtoto wa dada yangu mkubwa aliingia kwenye darasa la shule moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, akiwa na miaka 15, akatoka na miaka 18. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Karani alimtazama mara moja, akauliza, "Uko na miaka ngapi?" Mtoto akajibu, "Kumi na nane." Majirani wawili waliokwisha kuandikishwa wakasema wanamjua. Kadi ikatoka ikiwa bado na joto la mashine, picha yake ina macho ya kitoto kabisa, na pembeni mwaka wa kuzaliwa: 2004. Njiani nilimuuliza kwa nini amejiongezea miaka mitatu. Alinijibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu: "Mama mudogo, bila kadi nitanunua laini namna gani?"

Kadi ile imenirudia kichwani mara nyingi tangu tarehe 10 Desemba 2025, siku Australia ilipoanza kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao ya kijamii. Sheria ilipitishwa na bunge lao mwishoni mwa Novemba 2024. Inagusa mitandao kumi: Facebook, Instagram, Threads, TikTok, Snapchat, X, YouTube, Reddit, Kick na Twitch. Mtoto anayekutwa na akaunti haadhibiwi, wala mzazi wake. Anayebanwa ni kampuni: isipochukua hatua za kutosha kuwaondoa watoto hao, inaweza kutozwa faini ya hadi dola za Australia milioni 49.5. Nchi nyingine zinafuata nyuma. Denmark ilitangaza Novemba 2025 kwamba itaweka mpaka wa miaka 15. Malaysia nayo imesema inataka 16. Ufaransa ilikwisha kuandika miaka 15 kwenye sheria ya Julai 2023, ila ikakwama kwenye kanuni za Umoja wa Ulaya. Na sisi tunajua: jambo likishapita Paris, halikawii kuulizwa Kinshasa. Tayari kwenye mikutano ya wazazi hapa Lubumbashi kuna anayesimama na kusema, "Tufanye kama Australia."

Namwelewa mzazi huyo. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nje karatasi za ndani za kampuni. Humo watafiti wake wenyewe walikuwa wameandika kwamba Instagram inazidisha kujichukia mwili kwa binti mmoja kati ya watatu wanaobalehe. Kampuni ilikuwa inajua. London, mwaka 2022, ofisa wa mahakama anayechunguza vifo aliamua kwamba picha na video za kujiumiza zilizokuwa zikiletwa kwenye simu ya binti wa miaka 14, aliyefariki 2017, zilichangia kifo chake. Yeye hakuzitafuta zote. Nyingi alisogezewa na mashine iliyoona kwamba akizipata anakaa muda mrefu zaidi.

Hapa kwetu nimeuona mwendo huo kwa kipimo kidogo. Mpwa wangu mwingine, wa miaka 13, anajua ratiba ya umeme kuliko fundi wa SNEL, shirika letu la umeme. Kwenye kartiye yao, yaani mtaa wao, umeme hukatwa mchana na kurudi saa sita usiku. Basi saa sita ndipo simu inapochomekwa, na ndipo yeye anapoamka. Dada yangu alimkuta saa tisa usiku chini ya blanketi, mwanga wa buluu usoni, kidole kinasukuma video juu, juu, juu. Asubuhi akalala kwenye daftari la hesabu. Alipopokonywa simu alilia kwa hofu zaidi kuliko hasira: wenzake wote darasani wangeongea juu ya mambo ambayo yeye hayajui.

Hofu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa Australia. Mzazi mmoja akikataza, anamtenga mtoto wake. Wazazi wote wakikataza siku moja, hakuna anayetengwa, na ni sheria peke yake inayoweza kuwakatazia wote siku moja. Wanaosema "hiyo ni kazi ya mzazi, serikali ikae pembeni" hawajawahi kusimama mbele ya mtoto wa miaka 13 anayewauliza kwa nini wao tu. Tena mzazi mwenyewe yuko kwenye soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, tangu saa kumi na mbili asubuhi, akiuza samaki wa kukauka, na anarudi giza limeingia. Kumwambia apambane peke yake na kampuni zenye maelfu ya wahandisi si haki.

Upande wa pili nao si wa wapuuzi. Oktoba 2024, wataalamu zaidi ya 140 walimwandikia waziri mkuu wa Australia barua ya wazi wakisema kufunga mlango kwa umri ni chombo butu. Tume ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo nayo ikaeleza wasiwasi wake. Kuna mtoto mlemavu anayeishi mbali na mji, kuna asiye na rafiki shuleni, na rafiki zao wako humo kwenye simu. Halafu kuna jambo la ufundi ambalo wengi hawalioni: YouTube inaweza kutazamwa bila akaunti. Ukimnyang'anya mtoto akaunti, video anaendelea kuziona, ila vizuizi ambavyo mzazi alikuwa ameviweka kwenye akaunti hiyo vinakufa pamoja nayo.

Na Australia si ya kwanza kujaribu. Korea Kusini ilikataza mwaka 2011 watoto chini ya miaka 16 kucheza michezo ya intaneti kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakaingia kwa namba za utambulisho za wazazi wao. Miaka kumi baadaye, 2021, serikali ikaamua kuifuta. China ilibana zaidi mwaka huohuo wa 2021: saa moja tu kwa siku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Bibi na babu wakawa ghafla wachezaji hodari, kwa sababu wajukuu walikuwa wakiingia kwa majina yao. Hizo ni nchi ambazo kila raia ana namba, na namba ile inajulikana. Januari 2026 Australia ilitangaza kwamba akaunti karibu milioni 4.7 zimefungwa au kuwekewa vizuizi. Ni hesabu kubwa, lakini inahesabu akaunti. Mtoto mmoja anaweza kuwa nazo nne, na ya tano akaifungua jioni ileile.

Sasa turudi Katuba.

Sheria ya umri inahitaji kitu kimoja kabla ya vyote: mtu wa kusema kwa uhakika huyu ana miaka mingapi. Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984. Sheria ya Familia, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto bure, lakini zaidi ya nusu ya watoto wadogo wa nchi hii hawana cheti cha kuzaliwa. Kadi ya utambulisho ya taifa ilizinduliwa kwa sherehe tarehe 30 Juni 2023, Rais Tshisekedi akapokea ya kwanza. Mwaka uliofuata mkataba wa kuitengeneza ukavunjwa. Kwa hiyo karatasi inayotutambulisha ni kadi ya mpiga kura, na nimeeleza jinsi kadi ya mpwa wangu ilivyopatikana. Mbele ya TikTok, mbele ya polisi wa barabarani, mbele ya mwenye kabini anayeuza laini, yeye ni mtu mzima tangu Februari 2023. Sheria ya Australia ingepita juu ya kichwa chake bila kumgusa. Na mwenzake ambaye kweli ana miaka 19 lakini hana karatasi yoyote, huyo ndiye angefungiwa.

Kuna wanaojibu kwamba karatasi si lazima, kamera itapima uso. Ni kweli kwamba Australia imekataza kampuni kudai kitambulisho cha serikali kama njia pekee. Mtu anaweza kupiga picha ya uso, programu ikakisia miaka. Ila majaribio ya programu hizo yameonyesha kwamba makosa yake yanatofautiana kwa jinsia na kwa mahali mtu alikotoka, na karibu na miaka 16 ndiko yanakoumiza zaidi. Sitaki msichana wa Ruashi aambiwe umri wake na mashine iliyofundishwa kwa nyuso za watu wengine. Isitoshe, picha ya uso inaweza kubaki na mtu. Kampuni zilezile tunazosema haziaminiki kwa watoto, tutazikabidhi nyuso zao?

Kitu kingine kinachonizuia kuinua mkono kwenye ule mkutano wa wazazi ni WhatsApp. Sheria ya Australia imeiacha nje, kwa sababu kwao ni chombo cha kupelekeana ujumbe. Kwetu WhatsApp ndiyo mtandao wa kijamii wenyewe. Ndiyo inayonunuliwa kwa mega kidogo, ndiyo yenye magrupu ya darasa, ya kanisa, ya kartiye, ya ukoo. Mwaka jana, katika shule moja hapa mjini, wasichana watatu walimpiga mwenzao nyuma ya ukuta, wa nne akirekodi. Video haikupandishwa popote hadharani. Ilipita grupu hadi grupu, na kufikia Jumapili mama wa mtoto alitumiwa na mtu wa kwaya yake ambaye hakujua ni mwanawe. Mtoto hajarudi kwenye shule ile. Niambieni, mpaka wa miaka 16 kwenye mitandao kumi ungeizuia wapi video hiyo?

Upande wa pili wa mizani yangu ananikalia binti wa jirani, miaka 15, anayesuka nywele. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini yeye yuko sekondari, na minervali, yaani ada ya shule, inalipwa. Kila Jumamosi anapiga picha kichwa alichomaliza, kwa nyuma, mstari wa ngozi umenyooka kama umepigwa rula, anaipandisha TikTok. Wateja wanatoka hadi Kampemba. Simu si yake, ni ya mama yake. Akaunti ina jina la mama na picha ya mama. Kwa macho ya kampuni, msusi ana miaka 41. Akizuiwa, atapoteza ada. Asipozuiwa, yuko wazi kwa kila mwanaume anayemwandikia usiku, na wanamwandikia. Mama yake alinionyesha. Yote mawili ni kweli kwa mtoto mmoja, na nikiri kwamba nikimfikiria yeye, sina jibu la haraka.

Ninachokitaka kutoka Australia ni ile nusu ambayo haizungumzwi sana mikutanoni: faini kwa kampuni. Kongo ina Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya 2009, inayomhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Ina pia Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023. Tunaweza kuzitumia kudai vitu ambavyo havihitaji kujua umri wa mtu yeyote: video zisijiendeshe zenyewe moja baada ya nyingine, mtu mzima asiyejulikana asiweze kumwandikia yeyote tu, na malalamiko yasomwe na binadamu anayejua lugha yetu. Hilo la mwisho linaniuma. Video ya matusi na vitisho kwa Kiswahili chetu cha huku, kilichochanganyika na Kifaransa, niliwahi kuiripoti kwa kampuni moja kubwa. Jibu lilikuja kwa dakika chache: haina kosa. Mtoto wa Sydney anayetukanwa kwa Kiingereza ana nafasi kubwa zaidi ya kusikilizwa kuliko wa Kamalondo, na kiwanja cha biashara ni kilekile.

Mtu ataniambia nchi yenye vita Kivu haina nguvu ya kuitoza faini kampuni ya California. Peke yake, labda haina. Lakini nchi hiyohiyo ilionekana kuwa na nguvu ya kuzifunga X na TikTok zisifunguke mwanzoni mwa Februari 2025, Goma ilipokuwa imeanguka na ndugu zetu wanatafutana. Kuzima kote hakukushindikana. Hilo nalo ndilo linalonitia hofu nikisikia "tufanye kama Australia": hapa sheria ya kuwalinda watoto inaweza kuwa ufunguo mpya wa mlango wa kuwafungia wakubwa. Wa Australia wana mahakama inayosikiliza. Mvulana na msichana wa miaka 15 wamekwisha kuifikisha sheria hiyo mbele ya Mahakama Kuu yao. Wa kwetu wataipeleka wapi?

Kwenye mkutano ujao nitasema hayo, na nitaomba tuanze na magrupu ya WhatsApp ya shule: nani msimamizi, nani anafuta, nani anapigiwa simu video kama ile ikitua. Na nitauliza wazazi waliopo wanyooshe mikono, nani ana cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto wake nyumbani.

Mdogo wangu alijifungua miezi miwili na kidogo iliyopita. Leo mtoto ana siku 71. Karatasi ya hospitali iko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, na kesho saa mbili tunaipeleka komine.