Kabati likiishia jaani, mbunifu naye aulizwe

Mwaka 2018 Marekani ilizalisha tani milioni 12.1 za taka za samani na vifaa vya ndani, kwa hesabu za EPA, wakala wa mazingira wa serikali. Asilimia 80 zilifukiwa, karibu zote zilizobaki zikachomwa. Zilizorejelezwa hazikufika hata asilimia moja. Mwaka 1960 taka hizo zilikuwa tani milioni 2.2 tu, na tangu hapo idadi ya watu haijafika hata maradufu. Wingi wa watu pekee hautoshi kueleza ongezeko hilo.

Wapo wanaosema mbunifu wa samani naye ana lawama kwa taka hizo. Wabunifu wana utetezi wa haki. Bei hupangwa kabla hawajashika penseli, kiwanda huchagua malighafi, na mpangaji anayehama kila mwaka hataki kubeba kabati la mwaloni. Mwenye kipato kidogo naye anastahili pa kutundika nguo zake.

Ila wanaomdai mbunifu hawamtaki aokoe misitu peke yake, wala hawamlazimishi kutumia mbao ghali. Wanamuuliza: vipande hivi umeviunganishaje? Chipbodi ni chembe za mbao zilizoshikwa kwa gundi. Skrubu ikitolewa na kurudishwa mara kadhaa, tundu hulegea. Sofa ambayo sponji imegundishwa kwenye fremu na kitambaa kikapigwa pini kila upande haifumuki bila kuchanika. Fundi, hata awe stadi vipi, hana pa kuanzia. Mnunuzi hakushirikishwa katika uamuzi huo, na dukani hauonekani.

Hata kiti kinachouzwa kwa watu wengi kinaweza kuundwa kifunguke. Kiti namba 14 cha mtengenezaji samani Michael Thonet, cha mwaka 1859, kilikuwa na vipande 6 vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye kreti la mita moja ya ujazo. Kufikia 1930 vilikuwa vimeuzwa takriban milioni 50. Kikalio cha henzerani kikitoboka, husukwa kingine.

Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya ubunifu endelevu, yaani wa bidhaa zinazodumu na kutengenezeka, mwaka 2024, na samani zimo katika mpango wake wa kwanza wa kazi. Mzigo wa sheria utamwangukia zaidi mtengenezaji, na ni sawa, maana utampa mbunifu hoja mbele ya mwajiri wake. Lakini mchoro wa kufungua samani hauhitaji kusubiri Brussels, makao ya Umoja huo. Aliyechora namna ya kuifunga anaweza kuuambatanisha leo, pamoja na vipimo vya skrubu ambazo fundi yeyote atazipata dukani.