Kete Iliyonifunga Kidole cha Mguu

Nilipomwahidi mpwa wangu kwamba ningemtengenezea kete halisi ya kuchezea kwenye kishikwambi, sikujua kuwa jioni ile ingeisha nikiwa nimefungwa waya mguuni. Wazo nililiiba kwa Reactable, ile meza ya muziki iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, na kuoneshwa hadharani mwaka 2005, ambayo mpigaji husogeza vibao juu yake na sauti ikabadilika. Ikiwa meza inaweza, nilijiambia, kishikwambi kitashindwaje?

Kete ya kwanza ilikuwa kipande cha mbao nilichokipiga msasa hadi kikang'aa. Niliiweka juu ya kioo, na kioo kikanyamaza kama hakikuguswa. Kumbe meza ile ina kamera chini yake inayosoma alama zilizobandikwa kwenye matako ya vibao, ilhali kioo cha kishikwambi hakioni chochote: huhisi tu pale kitu kinachopitisha umeme, kama kidole, kinapovuruga uga wake wa umeme, na mbao kavu kwake ni kama hewa.

Basi nikaivisha kete karatasi ya aluminiamu na kuibandika miguu mitatu, kila mmoja upana wa milimita 8 hivi, kwa kuwa mguu mwembamba mno hupuuzwa. Ikatambuliwa! Nikaiachia ili nipige makofi, ikapotea. Nikaishika, ikarudi, nikaiachia, ikapotea tena.

"Mjomba, kete yako inaogopa kukaa peke yake," alisema mpwa wangu.

Alisema kweli kuliko alivyodhani, maana kilichokuwa kikihisiwa ni mwili wangu kupitia ile karatasi, na mkono ulipoondoka hapakubaki kitu cha maana. Kwa kuwa mikono yote miwili nilikuwa naihitaji, nilichukua waya mwembamba, nikaumenya ncha zote mbili, moja nikaibandika kwenye kete na nyingine nikaizungusha mara tatu kwenye kidole gumba cha mguu, kisha nikaifunika kwa karatasi iliyobaki. (Kishikwambi nilikuwa nimekichomoa kwenye chaja, ujasiri wangu una mipaka.) Kete ikatulia kiooni kama mzee barazani.

Tulikuwa tumecheza raundi mbili pale kishikwambi kilipoita kwa simu ya video. Alikuwa mkuu wangu wa kazi. Nilishtuka, nikavuta mguu, waya ukavuta kete, nayo ikaserereka juu ya kioo hadi kwenye kitufe cha kijani na kumpokea kabla sijafunga kifungo cha shati.

Nilijieleza kwa utulivu na kwa kirefu: uga wa umeme, kamera za Barcelona, umuhimu wa miguu mitatu. Alipozidi kukunja uso, niliinua mguu hadi mbele ya kamera ili ajionee mwenyewe kile kidole kilichoviringishwa waya na karatasi inayong'aa. Akajishika mdomo. Hapo ndipo mpwa wangu alipoinama na kunionesha kwamba kete ilikuwa imetua juu ya kitufe cha kipaza sauti na kukizima tangu mwanzo.

Simu ikakatika. Dakika chache baadaye ulikuja ujumbe wa kunipa pole kwa ajali na kuniruhusu nisifike kazini kwa siku tatu, hadi kidole kipone. Bado natafuta namna ya kumjibu.