Midoli Isiyoruhusiwa Kuchezewa

Hapa Ohio, Marekani, ninakoishi, mtu mzima mwenye mvi kukusanya vitu vya kuchezea vya watoto si jambo la kuonea haya, bali ni shughuli yenye maduka yake, minada yake, wataalamu wake na, kwa bahati mbaya, ugomvi wake. Kwetu Tanzania mwanamume wa makamo akionekana na mdoli mkononi hudhaniwa anampelekea mjukuu. Huku ni wake mwenyewe, na mjukuu ndiye anayezuiwa kuugusa.

Jimbo hili lina haki ya kujivunia jambo hilo kuliko majimbo mengi, kwa sababu kampuni ya Kenner, iliyoanzishwa mjini Cincinnati katika miaka ya 1940 na kupewa jina la mtaa wake, ndiyo iliyotengeneza midoli ya wahusika wa Star Wars, mfululizo wa filamu za vita vya angani. Filamu ya kwanza ilipotoka mwaka 1977 midoli haikuwa tayari, na Krismasi ilipokaribia kampuni ikauza kifurushi cha kadibodi chenye hati iliyoahidi kwamba midoli minne ya mwanzo ingeletwa kwa posta mwaka uliofuata. Wazazi walinunua ahadi, watoto wakasubiri, na midoli ilipofika, mingi yake ikiwa na kimo kisichofika sentimita 10, ilizikwa mchangani, ikaogeshwa bafuni, ikatafunwa vidole na kupoteza bunduki zake ndogo chini ya makochi. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa, na ndiyo maana ile iliyosalimika katika kifungashio chake sasa inauzwa kwa bei ya kustaajabisha.

Nimewahi kuhudhuria maonesho ya wakusanyaji, na kilichonishangaza zaidi ya bei ni ukimya wa nyuso. Kwenye meza moja wanaume wawili walikuwa wameinama juu ya kiumbe mdogo wa jangwani aitwaye Jawa, ambaye matoleo yake ya mwanzo yalivishwa joho la plastiki kabla ya kampuni kuamua kumvika la kitambaa. Joho la plastiki ni adimu, na kwa kuwa ni adimu limeghushiwa sana, hivyo mmoja wao alikuwa na kioo cha kukuzia na mwingine taa ndogo, wakichunguza kipande kisichozidi upana wa vidole viwili kama kweli ni cha mwaka 1978. Mtoto wa mmoja wao alinyoosha mkono. Baba yake aliushika mkono ule bila kuinua macho, akaurudisha mahali pake, akaendelea na uchunguzi.

Midoli ya thamani zaidi hupelekwa kwa kampuni za kuikadiria, ambako kila mmoja hupimwa ubora wake, hupewa alama, kisha hufungiwa ndani ya boksi gumu la plastiki angavu ambalo mwenye akili timamu halivunji tena. Kona ya kadibodi ikikunjika kidogo, au plastiki ya kifungashio ikianza kuwa ya njano, alama hushuka na bei hushuka nayo. Ule uliopanda bei kuliko karibu yote ni sampuli ya mhusika mwingine, Boba Fett, aliyekusudiwa kurusha roketi kutoka mgongoni. Mdoli huo haukuwahi kuingia dukani, kwani ilihofiwa kwamba roketi hiyo ingeweza kumkaba mtoto kooni, lakini mwaka 2024 sampuli moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 500,000. Mdoli ambao hakuna mtoto aliyewahi kuununua ndio ambao watu wazima wameupigania kwa fedha nyingi kiasi hicho, na sidhani kama kuna haja ya kuongeza neno hapo.

Kama mambo yangeishia kwenye fedha ningeyaacha, kwa kuwa kila mtu ana namna yake ya kupoteza mshahara. Kinachonisumbua ni uchungu unaoandamana nayo. Mtu aliyejipa kazi ya kuulinda utoto wake huona kila filamu mpya na kila mwigizaji mpya kuwa mwizi aliyeingia kupitia dirishani. Ahmed Best, aliyemwigiza mhusika Jar Jar Binks katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1999, alieleza hadharani mwaka 2018 kwamba chuki aliyopokea ilimfikisha mahali pa kufikiria kujiua. Mwaka huohuo Kelly Marie Tran, mwigizaji mwingine wa Star Wars, mwenye asili ya Vietnam, alifuta machapisho yake yote kwenye Instagram baada ya kutukanwa kwa miezi. Mwaka 2022 ikawa zamu ya mwigizaji Moses Ingram, mwanamke Mweusi, aliyewaonesha watu baadhi ya ujumbe wa kibaguzi aliokuwa akitumiwa. Kwa mtu mwenye rangi yangu anayeishi nchi hii, haiwezekani kusoma habari hizo na kusema kwamba ni mambo ya michezo tu. Tena ukiwasikiliza wanaotukana kwa saa nzima, hutawasikia wakitaja hata tukio moja lililowachekesha au kuwafurahisha katika hadithi wanayodai kuipenda. Wanajua tarehe, viwanda na rangi za vifungo vya midoli, lakini furaha yenyewe hawaitaji popote.

Sitaki, hata hivyo, kuwaonea. Mfanyakazi mwenzangu mmoja, ambaye ana chumba kizima cha midoli hiyo, alinieleza kwamba wazazi wake walipoachana nyumba iliuzwa, na mama yake akauza vitu vyake vyote uani kwa senti chache kabla ya kuhama jimbo. Hana kijiji cha kurudi, hana shamba la babu wala kaburi la kuzuru, na shule aliyosoma imebomolewa. Mimi niliyeondoka kwetu kwa hiari yangu, na ambaye nikipata nauli narudi nikakuta mwembe uleule, sina haki ya kumcheka mtu ambaye nyumbani kwake kumebaki ndani ya boksi la kadibodi.

Nilikulia Morogoro, karibu na barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, na malori yaliyopita pale ndiyo yaliyokuwa filamu zetu. Mtoto aliyejua kazi alikunja waya mpaka ukatokea uso wa Scania, akafunga tela nyuma, akakata magurudumu kwenye ndala zilizokatika kanda, akapigilia vizibo vya soda katikati, kisha akaunganisha ekseli ya mbele na kijiti kirefu chenye usukani wa duara ili aendeshe akiwa amesimama wima. Ekseli hiyo ndiyo iliyomtenganisha fundi na mbabaishaji. Ikikazwa mno kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, gari lilikataa kukata kona, na ikilegea, magurudumu yalipishana kama miguu ya mlevi na watazamaji hawakukuficha. Ushabiki ulikuwepo, tena mkali, kwani kulikuwa na walioapa kwamba Scania haina mpinzani na waliosimama na Fiat hadi jua linazama. Lakini ubishi huo ulimalizwa kwa kuyateremsha magari mlimani, na aliyeshindwa alikwenda kutengeneza jingine lililo bora zaidi. Ndilo jibu pekee lililokubalika.

Hakuna hata gari moja kati ya hayo lililobaki. Likichoka lilifumuliwa, waya ukanyooshwa kwa jiwe, ukaanza maisha mengine ukiwa basi. Wala nisiwafiche wasomaji kwamba ufundi ule ulitokana na ukosefu: ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na sabuni vilikuwa vya kupanga foleni, na kitu cha kuchezea cha dukani hakikuwa jambo la kulifikiria. Waya ulitoka kwenye uzio wa jirani, na jirani alijua. Nikisema kwamba tulifurahi sisemi kwamba tulikuwa na bahati, na huwashangaa sana wenzangu wa rika langu wanaochanganya mambo hayo mawili.

Maana nyumbani nako walinzi wa utoto wamezaliwa. Kila wiki katika makundi ya WhatsApp hupita picha ya gari la waya, au ya mpira wa matambara, au ya wasichana wakicheza rede, na chini yake maneno ya kuwasuta watoto wa leo kwamba hawajui kucheza, wanajua simu tu. Picha ni nzuri na mimi pia husimama kidogo kuitazama. Kisha huwa najiuliza ni nani kati ya hao wanaosuta aliyewahi kukaa chini na mwanawe akamwonesha jinsi ekseli inavyofungwa. Mtoto anayelaumiwa kwa kutoijua kombolela anaishi katika mtaa ambao kiwanja chake kimejengwa fremu za maduka, tena na watu walewale wanaoililia kombolela.

Tumezidiwa na wenzetu katika kukusanya, lakini hatujazidiwa katika kuweka. Sisi tulio nje tunajua vitu vya kuchezea tunavyotuma huishia wapi: kwenye kabati la vioo sebuleni, kati ya sahani za wageni na kikombe cha harusi, mdoli ukiwa bado ndani ya plastiki yake, katika nyumba ambayo hata rimoti ya televisheni imevishwa mfuko wa nailoni. Mtoto akiuliza huambiwa kwamba mjomba ameleta kutoka Ulaya, hata kama mjomba yuko Marekani, na kwamba atapewa akikua. Shangazi zetu hawafikirii mnada. Wanamheshimu aliyetuma, na wanakumbuka miaka ambayo kilichoharibika hakikuwa na mbadala, jambo ambalo siwezi kulilaumu kwa moyo mweupe. Kwa mtoto anayetazama kupitia kioo, hata hivyo, tofauti kati ya kabati la Morogoro na boksi la Ohio ni ndogo mno.

Jambo ambalo kwetu tumelihifadhi vizuri zaidi ni utani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na karibu karne nzima wamechekana, wakaoana, wakazikana. Siku hizi matusi ya mitandaoni yameanza kuuharibu utani huo, na wapo mashabiki ambao timu yao ikishinda wanakasirika kwamba haikushinda kwa mabao mengi zaidi, lakini bado kuna adabu inayomtaka aliyefungwa avumilie kuchekwa Jumatatu asubuhi na aliyefunga ajue kwamba zamu yake inakuja. Shabiki niliyemkuta huku hana mtani. Ana wapinzani tu, na hakuna anayemruhusu kumcheka, pengine kwa sababu naye hajiruhusu kujicheka.

Wamarekani wenyewe wanalo jibu, kama wangelitazama. Katika jumba la makumbusho la michezo la The Strong, mjini Rochester, jimbo la New York, kuna orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea vilivyovuka vizazi. Midoli ya Star Wars iliingizwa mwaka 2012. Boksi tupu la kadibodi lilikuwa limeitangulia mwaka 2005, na kijiti cha mti, kijiti hiki cha kuokotwa chini, mwaka 2008. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia niliposoma hivyo, ingawa nadhani watoto wa Morogoro wangeomba waya nao ufikiriwe.

Dada yangu alinipigia simu majuzi akilalamika kwamba wanawe wamelifungua gari la betri nililowatumia, wameng'oa mota na kuitumia kuzungusha feni iliyokatwa kwenye chupa ya maji. Alitaka nikiwa mjomba niwagombeze, nami nikaomba wapewe simu. Mazungumzo yakahamia kwenye betri, kwa sababu feni ilikuwa ikizunguka polepole, na yule mdogo alitaka kujua kama wakiongeza nyingine mbili mota itaungua. Nilimwambia kwamba huenda ikaungua. Mzigo unaofuata una plaizi na mota za akiba, na nimemwomba dada asiviweke kabatini.