Clarendon: wafalme, vigae na kucha za mbwa

Magofu ya Clarendon, kilomita chache mashariki ya Salisbury nchini Uingereza, yamebakiza ukuta mmoja mrefu wa ukumbi na misingi iliyotapakaa nyasini. Lilikuwa kasri la mawindo la wafalme, na wanaolienzi hawataki liitwe mahali pa starehe tu. Wana hoja. Hapa ndipo Henry II alipombana Askofu Mkuu Thomas Becket mwaka 1164 akubali mamlaka ya mfalme juu ya mapadri wahalifu. Karne iliyofuata Henry III alilipamba kwa vigae vyekundu vyenye nakshi nyeupe, vikachomwa papo hapo. Tanuri lenyewe sasa limo British Museum.

Sawa. Lakini kulungu wa mfalme walihitaji msitu, na ndani ya mipaka ya misitu ya kifalme mlikuwamo vijiji na mashamba ya watu. Mnyama akila ngano yako, huna ruhusa ya kumuua. Mbwa wako naye sharti akatwe kucha tatu za mguu wa mbele, asije akamkimbiza mnyama wa mfalme. Ukikutwa na mbwa mwenye kucha zake, faini ni shilingi 3, yaani peni 36. Kibarua anayepata peni mbili kwa siku atafanya kazi siku 18 bila kula, bila kulisha mtoto, kulipia mbwa ambaye huenda hajawahi kuona kulungu. Na hayo yameandikwa kwenye Hati ya Misitu ya 1217, tamko la mfalme kuhusu sheria za misitu yake, ile inayosifiwa kwa huruma yake! Mfalme mwenyewe, Henry III huyo huyo, alikuwa mtoto wa miaka 10.

Watetezi hukumbusha kwamba hati hiyo hiyo ilikataza mtu kuuawa au kukatwa kiungo kwa sababu ya nyama ya mwituni, na kwamba wanavijiji waliruhusiwa kulisha nguruwe wao msituni. Ni kweli, na haikuwa nafuu ndogo. Wanaongeza kuwa wakosaji wengi waliishia kutozwa faini tu. Hilo “tu” ndilo linalonikwama. Faini zile ziliingia hazina ya mfalme, na misitu iliwahi kufunika karibu theluthi ya Uingereza. Mfalme anayevuna kutokana na makosa ana haraka gani ya kuyaona yakipungua?