Lipasi haisemi nani atazidiwa
Ndugu mwandishi, umeandika kwamba mgonjwa wa uvimbe wa ghafla wa kongosho akiwa na lipasi (kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu) ya juu sana, basi hali yake ni mbaya. Hapo naomba nikusahihishe. Mimi ni muuguzi wa wodi huku Arua, Uganda. Lipasi inathibitisha ugonjwa tu, haipimi ukali wake. Kwenye saa 24 za mwanzo tazama mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, pumzi zinazozidi 20, kuchanganyikiwa akili, umri wa kupita miaka 60, yurea (taka inayotolewa na figo) iliyopanda kwenye damu, maji kifuani. Mengi ya hayo yanataka saa na macho ya muuguzi, wala si picha ya CT, ambayo siku ya kwanza mara nyingi haionyeshi bado sehemu za kongosho zilizokufa. Nilimpokea kijana wa bodaboda, mnywaji wa waragi (pombe kali), lipasi yake haikutisha hata kidogo. Usiku akaanza kuhema, mkojo ukapungua. Tuligundua kwa sababu tulirudi kitandani kwake kila saa! Figo au mapafu yakishindwa kwa zaidi ya saa 48, huo ndio ugonjwa mkali kwa mujibu wa uainishaji wa Atlanta, mwongozo wa kimataifa wa kupanga ukali wa ugonjwa huu, uliorekebishwa mwaka 2012. Tafadhali rekebisheni aya ile, kuna wauguzi wachanga wanaisoma.