Seva ya "dakika kumi tu"

Nani alisema kuandika seva ya kugawa mafaili bila fremuweki (msimbo wa msingi ulioandaliwa tayari) ni kazi ya dakika kumi? Aje hapa tuonane! Ukurasa umefunguka, sawa, lakini CSS, faili la mapambo ya ukurasa, nimeituma kama text/plain, yaani maandishi ya kawaida tu, kivinjari kimenuna, ukurasa uko uchi. Narekebisha. Halafu hii favicon.ico, kile kipicha kidogo cha tovuti kwenye kichupo, nani kaitaja? Mimi sina! Kivinjari kinaidai kama mwenye nyumba tarehe moja. Nazima, nawasha: poti 8080, mlango wa seva yangu, eti tayari inatumika. Na nani, jamani, kama si mimi mwenyewe? Saa nane usiku ndiyo nakumbuka: mtu akipachika ../../ (yaani "rudi folda mbili nyuma") kwenye ombi lake, anatembea mpaka /etc/passwd, faili la orodha ya watumiaji wa mashine, kama anakwenda kwa shangazi yake. Wenzangu, nyie mnalala kweli?